Mafuta ya Mbuzi Katika Chumba cha Vitabu vya Kale

Mafuta yalikuwa yangu. Naanza hapo kwa sababu najijua: nikianzia mbali nitajipamba, na msomaji ataanza kunihurumia kabla hajajua nilichofanya. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa mkuu wa chumba cha vitabu vya kale katika maktaba ya chuo kikuu, hapa Nairobi. Aliondolewa katika chumba kile kwa sababu ya uharibifu nilioufanya mimi, kwa mikono hii. Siku kamati ilipokuwa ikimhoji nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka alipoketi yeye, na nikanyamaza. La, hata hapo nimeshaanza kujipamba. Sikunyamaza. Ningenyamaza ingekuwa afadhali.

Mimi ni fundi wa ngozi. Shule niliiacha darasa la tatu na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu nyumba ninamoandikia haya niliijenga mimi, na watoto wangu walisoma mpaka wakachoka wenyewe. Sokoni Kariokor nilianzia kwa kukata akala, vile viatu vya matairi ya gari, kazi ya nguvu za mkono tu. Kushona ngozi sikufundishwa na mtu. Niliokota mkoba uliotupwa, nikaufumua mshono mmoja mmoja kwa wiki nzima, nikifuata uzi kinyumenyume mpaka nikaona aliyeushona alianzia wapi. Kisha nikaushona upya. Baada ya huo hakukuwa na kitu cha ngozi nilichokiogopa, na nadhani ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Yule mama alikuja kibandani kwangu na mkoba uliokatika kamba ya begani. Aliporudi kuuchukua hakuangalia ngozi inavyong'aa, kama wateja wengine. Aliugeuza ndani nje, akapitisha ukucha juu ya mshono.

"Huu uzi umeupaka nini?"

"Nta ya nyuki, madam."

"Na karatasi unaweza kushona?"

"Chochote chenye pande mbili nashona."

Akacheka. Haukupita mwezi nikawa kibarua wa maktaba, na baadaye nikaandikwa kazi kamili. Jirani yangu wa kibanda, mtu wa maneno mengi, alinitania kila jioni nilipopita Kariokor nikirudi nyumbani Bahati. "Profesa amefika. Hebu tuambie, vitabu unavitia soli vitembee wapi?" Nilimjibu kwamba vimeshatembea kuliko yeye, vimetoka Ulaya na Lamu. Kusema kweli nilipenda kuitwa profesa. Nilijifanya sipendi.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma kabisa ya maktaba, kina dirisha moja lililofunikwa pazia zito. Mlikuwa na ramani za zamani, madaftari ya wamisionari, magazeti yaliyovunjika ukiyashika kama mkate uliokauka, na vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, vingine kwa herufi za Kiarabu, vyenye majalada ya ngozi. Kabla ya madam ufunguo ulishikwa na mama wawili wa Kizungu, mmoja baada ya mwingine. Yeye ndiye alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa. Aliniambia mwenyewe siku moja tukiwa tunafunga: "Fundi, huko ghorofani kwa wakubwa kuna watu wanangoja niteleze. Sasa wewe na mimi tutembee polepole."

Sheria zake zilikuwa chache. Nawa mikono, kausha, usijipake mafuta. Usilambe kidole kufungua ukurasa. Kalamu ya wino haiingii, penseli tu. Chai na chakula viishie ofisi ya nje, upande ule wa mlango. Na sheria kubwa aliyoirudia mpaka nikaiota: "Chochote unachokiweka kwa kitabu, lazima mtu mwingine aweze kukitoa baada ya miaka hamsini. Kama hakitoki, usikiweke." Kazi yangu ilikuwa kutengeneza masanduku ya karatasi ngumu, kila kitabu kwa kipimo chake, na kushona upya kurasa zilizolegea. Nilifanya kazi safi. Hilo halibishaniwi hata leo.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu. Vitabu vingine vya ngozi, ukivishika, vilikuachia unga mwekundu mkononi kama umeshika tofali. Kwangu mimi hiyo ilikuwa ngozi inayolia.

"Madam, hii ngozi ina kiu."

"Haina kiu, Fundi. Imekufa."

"Ngozi haifi. Nimefufua mshipi uliolala juu ya paa mwaka mzima."

"Mshipi huo ulikuwa na karatasi ndani?"

Nikanuna. Nilisema moyoni: huyu amesoma ng'ambo, lakini ni lini amekwangua ngozi mbichi? Ni lini amenuka ngozi mpaka mume akamkatalia kitanda? Alivifunga vitabu vile kwa utepe wa pamba, akavirudisha rafuni na unga wao. Mimi nilipita mbele ya rafu hiyo kila asubuhi kama mtu anayepita mbele ya mgonjwa ambaye dawa yake anaijua.

Kisha madam akaitwa mafunzo nchi nyingine, wiki tatu. Kwa utaratibu ufunguo ulitakiwa ubaki ofisi ya ghorofani. Hakuupeleka huko. Alihofia wangejaza viti vibovu mle, walishawahi kufanya hivyo, na masanduku yalitakiwa yaishe kabla ya mvua kubwa. Akanipa mimi. Mtu wa darasa la tatu. Aliniwekea mkononi akafunga vidole vyangu.

"Tengeneza masanduku. Usipake kitu. Ukiwa na shaka, nisubiri."

Shaka sikuwa nayo.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda Kiamaiko. Wakati ule machinjio hayakuwa makubwa kama yalivyokuja kuwa, lakini mbuzi walikuwa wengi na mafuta yalipatikana. Nilitaka yale ya kuzunguka figo, meupe, magumu, yasiyo na nyama. Muuzaji, mtu wa kaskazini, mrefu, alinifungia akiniangalia.

"Yote haya? Una harusi?"

"Nina kazi ya vitabu."

"Vitabu vinakula?"

"Hivi vyangu vinakula."

Akatikisa kichwa akaendelea kukata. Nyumbani niliyayeyusha kwenye jiko nje ya mlango, nikayachuja kwa kitambaa, nikatia nta ya nyuki, nikakoroga mpaka yakapoa. Ndiyo dawa niliyopaka mishipi na mikoba kwa miaka, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Mke wangu alisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Baba watoto, hiyo harufu itatuletea paka wa Bahati yote."

"Ni dawa ya kazini."

"Madam ndiye amekutuma?"

"Madam atashukuru."

"Sikuuliza kama atashukuru," akasema, akaingia ndani.

Sasa nitasema jambo ambalo halinipi sifa. Wiki zile tatu zilikuwa tamu kuliko zote nilizofanya kazi mle ndani. Nilijifungia na kopo langu na kitambaa laini, nikatoa vitabu kimoja kimoja. Ngozi ilikunywa. Unapaka, unaona mafuta yanazama mbele ya macho yako, na rangi inapanda kutoka chini, kahawia inakuwa kahawia, nyekundu inakuwa nyekundu. Vitabu vilivyokuwa kama magome ya mti vikalainika vikakunjika. Nilipaka arobaini na kimoja. Nilikuwa naimba, mimi nisiyeimba hata kanisani.

Cha mwisho kilikuwa cha mzee wa Pumwani. Mzee huyu alikuwa amekabidhi maktaba kitabu cha marehemu baba yake, kitunzwe, naye awe anakuja kukisoma. Alikuja kila Alhamisi kwa miguu, kofia nyeupe, kanzu iliyopigwa pasi. Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo katika vita vya Wajerumani, na baada ya kurudi alikaa akaandika kwa herufi za Kiarabu majina ya wenzake ambao hawakurudi. Jina, jina la baba, alikotoka, na pale alipoachwa. Kurasa kwa kurasa. Mzee alikaa karibu na dirisha akiyasoma kwa sauti ya chini, kidole kikitembea juu ya mstari bila kuugusa, kama alivyofundishwa na madam. Niliwahi kumwuliza kwa nini anasoma yale yale kila wiki. Akaniambia, "Mwanangu, wengi wao hawana mwingine wa kuwataja."

Jalada la kitabu hicho lilikuwa ngozi ya mbuzi, lina ulimi unaokunjwa kufunika kwa mbele. Aliyeikata alikuwa fundi, nilimtambua kwa mkono wake. Kwa heshima yake na ya mzee nilikipaka mara tatu, nikasugua kwa kitambaa, nikakiweka ndani ya sanduku jipya, nikafunga.

Madam alirudi Jumatatu. Alitembea kati ya rafu mara moja, akasimama. Nilikuwa naangalia mgongo wake, nangoja sifa.

"Fundi, vitabu vinang'aa."

"Ndiyo, madam."

"Umepaka kitu?"

Kama angetabasamu ningemwambia. Lakini uso wake haukuwa wa mtu anayeshukuru. Nikaona kwa mara ya kwanza, wazi, kwamba nilikatazwa na nikafanya. Ulimi wangu ukajibu wenyewe.

"Nimepangusa vumbi tu. Kitambaa kikavu."

Akaniamini. Aliniamini kwa sababu hakuwa na sababu ya kutoniamini, hiyo tu. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kwamba siku ile bado kulikuwa na la kufanya. Ungeweka karatasi za kunyonya kati ya jalada na kurasa, ukazibadilisha kila siku, na mafuta mengi yangetoka. Siku ile. Hata wiki ile. Nilikuwa na siku kumi hivi za kusema, na kila siku nilikula chakula chake cha mchana pamoja naye ofisi ya nje, tukiongea habari za watoto.

Mvua ikaja. Baada ya mvua ikaja baridi ya Nairobi, ile ya mawingu mwezi mzima. Mshipi niliokuwa nimezoea kuupaka huvaliwa, hupata jasho, hupigwa na jua, mafuta hupata pa kwenda. Kitabu husimama gizani kimefungwa, kimebanwa na wenzake, ndani ya sanduku nililolikaza mimi kwa ustadi wangu wote. Mafuta hayakuwa na njia ila kuingia ndani. Kwanza tuliona mende. Kisha kinyesi cha panya juu ya rafu. Kisha ukungu, mweupe, kama unga umenyunyizwa. Madam aliita watu wa dawa za wadudu, akaosha sakafu yeye mwenyewe amepiga magoti, mimi nimeshika ndoo. Mpaka hapo hakuwa amefungua masanduku, kwa sababu aliamini yamefungwa vizuri. Na yalikuwa yamefungwa vizuri kweli. Isipokuwa panya hutoboa karatasi ngumu akisikia harufu ya mbuzi.

Alhamisi ikafika na mzee wa Pumwani. Madam alimletea sanduku lake, akaliweka mezani, akalifungua. Kona moja ilikuwa imetafunwa. Akakitoa kitabu kwa mikono miwili, akakiweka juu ya mto wake, akakunjua ule ulimi.

Kurasa zilikuwa kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Unaona mwanga upande wa pili. Na kwa kuwa baba wa mzee aliandika pande zote mbili za karatasi, maandishi ya upande huu na ya upande ule yalionekana kwa pamoja, yamepandana, majina juu ya majina, huwezi kutenga hili na lile. Kurasa za mwanzo na za mwisho, zilizokuwa karibu na ngozi, zote hivyo. Za katikati zilikuwa na madoa tu. Pembeni panya walikuwa wamekula.

Mzee alisogeza kiti. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole, akataja jina moja, nadhani kwa kukumbuka. Akajaribu la pili. Akaondoa kidole.

"Mama," alimwambia madam, "nilikileta kwenu kisije kikanyeshewa kwangu Pumwani. Nyumba yangu inavuja."

Yule mama alilia mbele yetu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, mikono yangu imeoshwa, imekauka, haina mafuta.

Habari ilipanda ghorofani kabla ya saa za kazi kwisha. Kamati ilikaa mara tatu. Walipata harufu ya mafuta, walipata mende na panya, wakahitimisha kwamba watu wamekuwa wakila ndani ya chumba. Madam alipoulizwa alisema hajui mafuta yametoka wapi, hakuna chakula kilichowahi kupita mlango ule, lakini ufunguo ulikuwa wake na lawama ni yake. Wakamwuliza kama ufunguo uliwahi kuwa kwa mtu mwingine. Akasema ndiyo, kwa fundi wake wiki tatu, na kwamba anamwamini fundi wake. Alisema hivyo mimi nikiwa mle ndani. "Ninamwamini fundi wangu."

Mwenyekiti akanigeukia, akabadilisha lugha kwa ajili yangu.

"Mzee, wewe uko mle kila siku. Uliwahi kumwona mtu yeyote na chakula au kinywaji?"

Nilikuwa na watoto watano na wa sita njiani. Sisemi hivyo kujitetea, nasema ndicho nilichokiwaza. Niliwaza pia Kariokor, nikirudi, jirani yangu akiniuliza profesa amefukuzwa vipi. Kusema kweli hilo la pili ndilo lililonisukuma zaidi.

"Madam huwa na chupa yake ya chai," nikasema.

Ilikuwa kweli. Chupa ilikuwepo, ya rangi ya kijani, kila siku juu ya meza ya ofisi ya nje. Haikuwahi kupita mlango hata siku moja. Sikusema ilikuwa upande gani wa mlango na hakuna aliyeniuliza. Waliandika. Yule mama aligeuka akaniangalia, si kwa hasira. Kama mtu aliyesikia jina lake limeitwa na hajui ni nani ameita.

Walimpeleka stoo ya magazeti, kufunga marundo kwa kamba. Kazi ya karani wa mwanzo. Alikaa huko kama mwaka, akaacha, akarudi kwao magharibi. Siku ya mwisho alipita chumbani kuniaga. Aliniambia nitunze masanduku. Nikasema, "Safari njema, madam." Hilo ndilo neno nililompa.

Mimi niliendelea. Mkuu mpya alikuwa mtu wa makaratasi, hakuingia chumbani mara kwa mara. Nilipandishwa cheo, nikapewa barua ya kusifiwa, watoto wakasoma kwa mshahara ule. Ningeweza kuishi hivyo mpaka mwisho, nadhani. Mwanadamu anaweza kuishi na vitu vingi. Kilichonishinda ni Alhamisi.

Mzee wa Pumwani hakuacha kuja. Aliomba kitabu chake, akakaa dirishani, akafungua zile kurasa chache za katikati zilizosomeka. Aliposoma aliyoweza kusoma alifunga macho akajaribu mengine kwa kukumbuka. Kila mwaka yalipungua. Mimi ndiye niliyemletea sanduku na mimi ndiye niliyelirudisha. Alikuwa mtu wa heshima, kila mara alinishukuru. Siku moja, miaka mitano au sita imepita, alikaa bila kufungua kitabu.

"Mwanangu, yule mama aliyekuwa hapa. Yuko hai?"

"Nasikia yuko kwao."

"Kila nikimaliza sala namsamehe. Inabidi, imeandikwa tusamehe. Lakini kesho yake nakuta bado nina hasira naye, naanza upya." Akavua miwani. "Nimechoka kumsamehe."

Niliomba ruhusa ya siku nne, nikamwambia mke wangu nakwenda kumwona madam. Hakuniuliza kwa nini. Alinifungia chakula.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa akisimamia maktaba ndogo ya shule ya sekondari karibu na kwao, rafu nne, aliniambia, na mbili ni za vitabu vya hesabu vilivyochanika. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Alifurahi kuniona na hiyo ilikuwa ngumu kuliko matusi. Akaniletea kiti. Nilikataa kukaa.

"Madam, yale mafuta yalikuwa yangu. Nilipaka vitabu ulipokuwa safarini. Nilikudanganya uliporudi. Na kwa kamati niliwaambia habari ya chupa nikijua watafikiri nini."

Mikono yake iliendelea na maharagwe kwa muda mfupi, kisha ikaacha. Kuku walikuja karibu na ungo na hakuwafukuza.

"Mafuta gani?"

"Madam, nimekuja kuomba..."

"Nimekuuliza mafuta gani."

"Ya mbuzi. Ya figo."

"Peke yake?"

"Na nta ya nyuki."

"Kiasi gani kwa kiasi gani? Yalikuwa ya moto au yamepoa? Vitabu vingapi?"

Nikamjibu yote. Aliingia ndani akarudi na daftari la shule na penseli, akaniwekea mapajani.

"Andika."

"Mwandiko wangu mbaya, madam. Andika wewe, nitasema."

"Sitaandika mimi. Mwandiko wangu wamekwisha kuukataa pale." Akaketi. "Pole yako sijui niiweke wapi, Fundi. Leo sina mahali pake. Lakini siku moja mtu atakuja na dawa, atataka kuvitibu vile vitabu, na hatajua ndani yake kuna nini. Andika kila kitabu."

Ilinichukua siku mbili. Nilivikumbuka vyote, kwa sababu masanduku yao niliyapima mimi. Alinisomea nilichoandika, akanirudisha nilipoandika uongo mdogo. Nilikuwa nimeandika "nilipaka kidogo" kwa kile cha Pumwani. Akaweka kidole hapo. Nikafuta, nikaandika "nilipaka mara tatu". Nilipokuwa naondoka aliuliza, "Mzee umemwambia?"

"Bado."

"Basi umeanzia kwa aliye mbali."

Nilimwambia Alhamisi iliyofuata, pale dirishani. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika fimbo yake.

"Kwa hiyo miaka yote hii namsamehe asiye na kosa."

"Ndiyo, mzee."

"Na sasa unataka nianze na wewe."

"Ukipenda."

"Leo sitaki," akasema. Aliondoka bila kunishukuru. Alhamisi nyingine alikuja tena, nikamletea sanduku.

Karatasi zangu nilizipandisha ghorofani kwa mkuu mpya, nikiwa nimevaa suti na nimemwambia mke wangu ajiandae kwa lolote. Alizisoma haraka. Aliniambia, "Mzee, haya ni mambo ya zamani. Wewe umebakisha miaka michache ustaafu. Tuweke kwenye faili." Nilimwomba aite kamati. Alicheka kidogo, kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Nilimwomba amwandikie yule mama barua. Alisema ataliangalia. Niliuliza tena baada ya mwezi, na baada ya mwezi mwingine, na nikaona kwamba faili imekwisha kufungwa. Kamati iliyokaa mara tatu kwa ajili yake haikukaa hata mara moja kwa ajili yangu. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Sikuwa nimejiandaa kuachwa.

Hapo ndipo nilipochukua penseli. Karatasi iliyomo kwenye faili hakuna atakayeisoma, lakini anayefungua sanduku atasoma kilicho ndani ya sanduku. Kila jioni baada ya kazi niliandika karatasi moja au mbili, kila moja kwa sanduku lake, mimi na mwandiko wangu wa darasa la tatu, mpaka zikatimia arobaini na moja. Mafuta ya mbuzi ya figo, yaliyeyushwa, nta, mara ngapi, wiki gani. Jina langu kamili. Nilizitia ndani ya masanduku bila kuzibandika kwa gundi. Niliziacha huru, mtu yeyote aweze kuzitoa. Na chini ya kila moja, kwa kuwa hakuna aliyeniruhusu wala kunikataza, niliandika kwamba mwenye chumba alikataza haya yasifanywe, hakujua kwamba yamefanywa, na chai yake ilikuwa upande ule wa mlango.

Nilimtumia madam nakala moja kwa posta. Hajanijibu.